Brashi ya kunyolea ndevu: ipi ununue ukiwa Tanga

Katika orodha hii brashi ya manyoya ya melesi imeshika nafasi ya kwanza, na nyingine ya manyoya hayo hayo imeshika mkia. Ndivyo bidhaa hii ilivyo. Brashi mbili zinaweza kukaa kwenye kabati moja la kioo dukani Ngamiani, boksi zote mbili zimeandikwa "badger", yaani melesi kwa Kiingereza, moja ikakustarehesha kila asubuhi kwa miaka, nyingine ikakukwaruza mashavu na kuanza kunyonyoka kabla mwezi haujaandama. Nimezipanga kwa kazi zinayoifanya usoni. Bei na mambo mengine nitayataja kila moja mahali pake, maana kwa baadhi ya nyumba yatabadilisha mpangilio.

Melesi ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa ukoo mmoja na nyegere wetu yule mvunja mizinga. Manyoya yake yana sifa moja kubwa: yanashika maji mengi bila kulegea, kisha yanayaachia kidogo kidogo usoni. Sehemu kubwa ya manyoya yanayouzwa duniani sasa hutoka China. Uingereza, ambako brashi hizi zilijipatia heshima, melesi mwenyewe analindwa na sheria ya mwaka 1992.

Kabla ya brashi, tazama maji unayonyolea. Maji ya bomba ya Tanga mjini hutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Lakini wengi tuna kisima uani, na ukanda huu wa pwani umekalia mawe ya chokaa na matumbawe. Maji ya kisima yakiwa magumu au ya chumvi, sabuni hugeuka utando mweupe na povu halisimami, hata brashi iwe ya bei gani. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, tenga dumu moja la kunyolea tu; nusu lita kwa siku inatosha na kubaki. Hatua hii haikugharimu kitu, na inakusaidia kuliko kupanda daraja moja la brashi.

Ya kwanza: melesi ya daraja la juu

Loweka ncha kwenye maji ya vuguvugu, ikung'ute mara mbili, kisha izungushe juu ya sabuni kama nusu dakika. Mwanzo utaona mapovu makubwa yanayopasuka. Endelea. Ongeza matone machache ya maji kwenye ncha, zungusha tena kiganjani, na povu litaanza kujikusanya mpaka liwe zito kama tui la kwanza, linang'aa, bila tundu hata moja linaloonekana. Ukilipaka, linakaa hapo hapo ulipoliweka. Ncha za melesi nzuri husikii zikichoma. Unasikia uvuguvugu na unyevu tu, na nyuma yake nguvu ya fungu zima ikisukuma ndevu zisimame. Hicho ndicho unacholipia, na mimi naona kinastahili.

Kuitambua kunataka macho na ngozi. Unywele wa melesi una shina jeupe, ukanda mweusi katikati na ncha nyeupe. Katika daraja linaloitwa "silvertip" ncha hizo nyeupe ni ndefu, safi, na zikilowa hutawanyika. Jambo la maana zaidi ni kwamba ncha ya asili huchongoka yenyewe. Fundi mzuri hulipanga fungu kwa mkono, akaliumba umbo lake la kuba kabla ya kuligandisha, ili asilazimike kupunguza ncha kwa mkasi. Ncha iliyokatwa huwa butu, na butu ndiyo inayochoma. Kwa hiyo mwombe muuzaji uiguse: pitisha ncha juu ya mdomo, chini ya pua, mahali ngozi inaposikia haraka. Ukisikia michomo, irudishe. Halafu tenganisha nywele kwa vidole utazame shingoni, pale fungu linapoingia kwenye mpini. Pawe pamejaa, pasiwe na gundi iliyofura nje.

Majina ya madaraja, yaani "pure", "best", "super" na "silvertip", hayasimamiwi na kipimo chochote cha kimataifa. Kila kiwanda huyatumia kinavyopenda. "Best" ya kiwanda kimoja inaweza kuipita "super" ya kingine, na neno "pure" pekee, yaani halisi, kwa kawaida ndilo daraja la chini kabisa, ingawa masikioni linapendeza.

Kwa anayeanza, fungu lenye kipenyo cha milimita 22 hadi 24 linatosha uso wowote. Makubwa zaidi hula sabuni na huingia puani. Na kama unatumia sabuni ngumu ya kipande, usikimbilie silvertip laini kupita zote. Hiyo hulala juu ya sabuni badala ya kuikwangua. "Best" ya kiwanda chenye jina hufaa zaidi, ina uti. Simpson ya Uingereza, iliyoanza 1919, na Mühle ya Ujerumani, iliyoanza 1945, ni majina ambayo hutajutia. Brashi zao za melesi zilizo nzuri mara nyingi ni dola 100 na kuendelea, kabla ya nauli ya mzigo na ushuru. Ni fedha nyingi. Ukiitunza, ni ya miaka.

Ya pili: nyuzi za kiwandani

Kwa nyumba nyingi za Tanga hii ndiyo itakayokuwa namba moja, na sababu ni nzito.

Wengi wetu hapa ni Waislamu, na pwani hii hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo nywele za mnyama asiyechinjwa kisheria huhesabiwa najisi. Melesi hachinjwi. Mtu anayenyoa alfajiri kisha akasimama kuswali analazimika kulifikiri jambo hili, na wa kumuuliza ni shekhe wake wala si muuza duka. Brashi ya nyuzi haina swali hilo kabisa.

Sababu nyingine ni melesi mwenyewe. Mwaka 2018 zilitoka picha za namna wanyama hao wanavyofugwa na kuuawa China, na baadhi ya makampuni ya nje yakaacha kuuza brashi za manyoya yake. Anayejali hilo ana haki ya kujali.

Tena kuna unyevu wetu. Brashi ya nyuzi hukauka upesi sana, na katika mji ambao kanga iliyofuliwa asubuhi ya masika huingia ndani jioni bado ina ubichi, hiyo ni faida ya kila siku. Haihitaji kulowekwa. Haina harufu ya mnyama. Vinyozi wanaonyoa kwa wembe wangepaswa kuwa na hii peke yake, kwa kuwa inavumilia kuoshwa na dawa kila baada ya mteja. Hata hivyo ushauri wangu ni uende na ya kwako. Mwambie tu, "Kaka, nimekuja na brashi yangu," hakuna kinyozi atakayekasirika.

Kasoro yake ni kwamba nyuzi hazinywi maji. Maji hukaa katikati yake tu, kwa hiyo ukizidisha hutiririka mpaka kwenye kiwiko, na nyuzi ngumu kiasi huruka na kurusha povu ukutani. Tafuta zenye ncha nyembamba sana. Siku hizi kuna za Yaqi, kampuni ya China, zinazouzwa mtandaoni kwa dola 10 hadi 20 na kitu, na ulaini wake ungewashangaza waliotumia nailoni za zamani. Mühle nao wanatengeneza za nyuzi, ghali zaidi na nzuri zaidi.

Ya tatu: singa za farasi

Singa hukatwa mkiani na shingoni, farasi akabaki hai. Ina uti kuliko melesi na ulaini kuliko nguruwe, bei ya katikati, na Hispania ndiko zinakotengenezwa kwa wingi. Huku kwetu ni adimu kuipata.

Lakini singa zinanikumbusha onyo moja. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia manyoya ya melesi yaliadimika, viwanda vikatumia singa za farasi ambazo hazikusafishwa kwa dawa, na askari na raia wa Uingereza na Marekani wakapata kimeta kutokana na brashi za kunyolea. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani, maana baadhi ya hizo zenye kimeta zilitoka huko. Brashi mpya za leo hazina shida hiyo. Ila brashi kuukuu ya manyoya, isiyojulikana ilikotoka, ukiikuta kwenye meza ya mitumba iache hapo hapo, hata kama mpini wake umekuvutia.

Ya nne: nguruwe

Kwa asiye na kizuizi cha dini, brashi ya nguruwe ya Omega, kampuni ya Italia iliyoanza 1931, ni rahisi na ya kuaminika. Mwanzo inakwaruza. Iloweke dakika kadhaa kabla ya kila kunyoa, na baada ya wiki kadhaa ncha zake hupasuka na kulainika. Inakwangua sabuni ngumu kuliko zote.

Kwa Mwislamu, hapa pana la kuangalia sana. Boksi lenye neno "bristle" bila jina la mnyama kwa kawaida lina nywele za nguruwe. Na kuna nguruwe aliyepakwa ukanda mweusi ili afanane na melesi. Lowesha na usugue kwa kitambaa cheupe: rangi ikitoka, umeshajua. Brashi ya bei chee isiyoandikwa chochote usiichukue kwa maneno ya muuzaji, hata akikuapia.

Ya mwisho: melesi ya bei rahisi

Nywele nyeusi tupu, zilizokatwa ncha kwa mkasi, fungu jembamba, mpini wa plastiki wenye rangi ya dhahabu inayobanduka. Mara nyingi huja katika seti ya zawadi pamoja na kibakuli na stendi. Watu wengi hukutana na melesi kwa njia hii, wakaamua kwamba brashi ni upuuzi, wakarudi kwenye povu la kopo. Kwa fedha hizo hizo nunua ya nyuzi.

Mtu akikuuzia brashi ya katani, ni ya kusugulia mgongo au sakafu. Mkonge wetu una sifa zake, ila si za shavuni.

Vipele, na utunzaji

Wengi hutafuta brashi kwa sababu ya vipele vya ndevu. Ndevu zinazojikunja, zikikatwa fupi mno, hurudi na kuchoma ngozi kwa ndani. Brashi haiwezi kulizuia hilo peke yake. Inachofanya ni kuzilowesha na kuzilainisha mpaka wembe usihitaji kukandamizwa. Nyoa kufuata zinakoelekea, usirudie kinyume, tumia wembe mpya. Vipele vikishatoka usaha, usisugue brashi juu yake. Pumzisha ngozi uende zahanati.

Brashi mpya ya manyoya ioshe kwa shampuu mara moja au mbili, harufu itaondoka. Kudondosha nywele chache wiki ya kwanza ni kawaida. Ikiendelea mwezi mzima, rudi dukani. Usiitie maji ya moto yanayochemka, yanaharibu manyoya na kulegeza gundi. Kila ukimaliza, suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, kung'uta, ipanguse kwenye taulo, kisha iache mahali penye upepo, dirishani au kibarazani penye kivuli. Kuning'iniza au kusimamisha si hoja. Hoja ni hewa. Bafu zetu hazikauki, na brashi ya melesi iliyofungiwa kwenye kabati la bafuni mwezi wa Aprili huota ukungu shingoni, mahali usipopaona mpaka nywele zianze kutoka kwa mafungu. Mpini wa resini, yaani plastiki ngumu, huvumilia hali hii kuliko wa pembe au wa mbao isiyopakwa vanishi. Ukimwagiza ndugu anayetoka Dubai au Muscat, mtajie hilo pamoja na kipenyo cha milimita 24, na umwombe akutumie picha ya ncha na ya shingo kabla hajalipa.