Vigezo vya Beers na STOPP/START: vipi vimfae mzee?

Vigezo vya Beers, vilivyochapishwa Marekani mwaka 1991 na kuhuishwa tena mwaka 2023, humwonyesha daktari dawa ambazo wenye umri wa miaka 65 na zaidi waepushwe nazo: diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa mfano, hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu, ikamlegeza hata akaanguka usiku anapokwenda msalani. Vigezo vya STOPP/START, vilivyotoka Ayalandi mwaka 2008, hufanya hivyo pia, lakini huuliza jambo ambalo Beers haviulizi: je, ni dawa gani mzee anayoihitaji na hakuandikiwa, kama vile ya kuzuia damu kuganda kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio? Kwa maoni yangu, hapo ndipo STOPP/START vinapotangulia, ingawa Beers ni vyepesi zaidi kupitiwa na mfamasia mwenye foleni mbele yake.