Silinda ya 70 kwenye mlango wa 40: kitasa kizuri, huduma mbovu

Aliyeniuzia kitasa cha mlango wa mbele majuzi hajui kazi yake, na kiburi anacho. Mlango ni wa mninga, unene milimita 40. Mabamba ya mikono yana milimita 8 kila upande, jumla 56. Hapo silinda (kile kipande unamoingia ufunguo) inayofaa ni ya 60, yaani 30 kwa 30 ukipima kutoka katikati ya tundu la skrubu inayoishikilia. Inachomoza milimita 2 tu kila upande. Nilimtajia namba zote hizo. Akanifungia seti yenye silinda ya 70, na niliporudi nayo akanijibu bila hata kuniangalia: "Dada, silinda ni silinda. Boksi umeshafungua, mali ikiuzwa hairudishwi."

Silinda ikichomoza milimita 7, kama hiyo ya 70, mwizi anaibana kwa plaizi, anaipinda huku na huku, nayo inakatikia kwenye tundu la skrubu, maana hapo ndipo chuma chake kilipo chembamba kuliko kote. Ikishakatika, bisibisi inatosha kurudisha ulimi, kile chuma kinachofunga mlango. Na huu ni mlango wa mbele, watoto wamelala ndani!

Kitasa chenyewe, kwa haki, ni kizuri. Umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya mkono ulilingana na cha zamani, kwa hiyo tundu la mkono halikuguswa. Kutoka mkono hadi ufunguo ndiko kuna tofauti: cha zamani 57, hiki 85. Shimo la kitasa likabidi liongezwe kwa chini kwa patasi, na tundu la ufunguo la zamani likafunikwa na bamba jipya. Ulimi unaingia laini, haukwami. Nilishaandika nyota nne.

Halafu skrubu. Zile za boksini ni laini mno. Kwenye mninga kichwa kinakatika kabla skrubu haijafika mwisho. Toboa kwanza kwa drili ya milimita 2.5 au 3 kwa skrubu ya 4, paka sabuni kwenye nyuzi, kaza kwa mkono. Mabamba yasikazwe sana, mkono utashindwa kurudi. Kisha jaribu ufunguo mlango ukiwa wazi, pande zote mbili, ndipo ufunge.

Kutoa silinda: fungua skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, chomeka ufunguo, uzungushe kidogo sana mpaka kile kidole cha chuma kilicho katikati ya silinda kilale sambamba na mwili wa silinda, uvute. Kidole kikiwa kimesimama pembeni haitoki hata ugonge nyundo.

Ya 60 nimeinunua duka la pili, imekaa barabara. Hela ya ile ya 70 imepotea. Nyota nne nimezifuta, naweka mbili, na hizo ni za ulimi tu.