Prado ya kukodi na kuendesha mwenyewe, yenye hema juu: nzuri mbugani, lami iiogope

Kampala na Entebbe, Uganda, kuna kampuni nyingi zinazokodisha Prado za zamani zenye hema la kukunja juu ya paa. Mtalii hupewa ufunguo akajipeleka hifadhi za Murchison au Bwindi. Kwa mbugani gari hili tunalipatia alama za juu. Limeinuka, fundi wa kulijua hakosekani hata Masindi au Kasese, na mwendo wa hifadhini, kilomita 40 kwa saa, ndio wake hasa.

Balaa liko kwenye lami. Hema lina kilo 50 au zaidi, na uzito wote uko juu. Ukikata usukani ghafla kumkwepa ng'ombe ukiwa kwenye 100, gari hulala ubavu upesi kuliko gari dogo ulilolizoea. Themanini inatosha. Kabla ya kutia sahihi, inama usome tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kiwandani) ubavuni mwa kila tairi, spea nayo: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita likatae hata kama halijawa kipara, maana mpira uliokauka, mzigo na joto ndivyo vinavyolipasua. Jeki ijaribiwe hapo hapo uani. Pembetatu za tahadhari ziwe mbili.

Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, haitengenezi gari ulilokodi. Uliza ni kiasi gani cha hasara kitatoka mfukoni mwako, na kama kuendesha usiku kunavunja mkataba.

Hata hivyo, kinachowaponza watalii zaidi ya tairi ni ratiba. Kibali cha kuwaona gorila wa Bwindi kina tarehe yake, na maelekezo hutolewa asubuhi, saa mbili hivi. Bwindi ina milango minne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kutoka mmoja hadi mwingine kwa gari huweza kuchukua saa kadhaa za vilima. Wakala akikulaza Buhoma huku kibali ni cha Rushaga, utaondoka saa kumi alfajiri, gizani, kwenye udongo ulioloa unaoteleza kama sabuni. Linganisheni jina la mlango kwenye kibali na la hoteli kabla ya kulipa.

Njia ya Gulu nayo, ya kuelekea Murchison, jua likizama, ina malori yaliyoharibika yakaachwa barabarani bila taa, tawi la mti likiwa ndiyo onyo pekee, na boda zisizo na taa. Kampala hadi Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison, ni saa tano hivi: ondoka saa moja asubuhi. Karuma, kwenye njia hiyo ya Gulu, usisimame kuwalisha nyani. Wamezoea vyakula vya madirishani, nao huruka mbele ya magari.

Mwenye siku nne tu na kibali mkononi, akodi na dereva. Hema liwe la wenye wiki mbili, walio tayari kulala popote giza litakapowakuta.