Kuosha filamu ya 120 nyumbani Mombasa: tanki la Paterson, HP5 na joto letu hili

Kosa langu la kwanza nililifanya saa saba mchana, kaskazi limekolea, stima zimepotea na feni imelala, mimi nimekaa kitandani mikono yote miwili imo ndani ya begi la giza nahangaika kuingiza filamu ya 120 (ile pana, roli moja picha kumi na mbili) kwenye rili, kile kigurudumu kinachoishika ndani ya tanki la kuoshea, manake ikiguswa na mwanga imeharibika. Kama hujaliona hilo begi, lifikirie koti la mtoto lisilo na tundu la kichwa, mikono ina lastiki ya kubana na ndani mwanga hauingii. Sasa shida hata hewa haiingii. Dakika tano tu viganja vishalowa, na rili ya Paterson ni ya plastiki ina vigololi viwili vya kushika filamu, unazungusha mbele nyuma mbele nyuma filamu inajivuta yenyewe, lakini hiyo ni ikiwa kavu. Ikipata jasho kidogo tu, imeganda. Nimesukuma, nimevuta, nimeanza upya mara sijui ngapi, mwisho nikaitia ndani ya tanki hivyo hivyo ilivyojikunja. Picha nne kati ya kumi na mbili ziligandana zikatoka na mabaka meupe kama maziwa pale dawa haikufika.

Basi naandika hii baada ya roli kama kumi na tano, manake vitu vyote nilivyosoma kabla sijaanza viliandikwa na watu ambao maji yao ya bomba yanatoka baridi.

Kamera ni Yashica Mat-124G, ile ya lenzi mbili, moja juu ya kutazamia na moja chini ya kupigia. Ni ya ami yangu, zamani akipigia picha za harusi, ikakaa kabatini miaka na lenzi ikaota ukungu kama kila kitu cha kioo hapa pwani usipokifungua. Fundi aliisafisha ikarudi vizuri. Mita yake ya mwanga sijaitumia hata siku moja kwa sababu ilitengenezewa betri ya zebaki ambayo siku hizi haitengenezwi tena, na kusema kweli kwa jua la Mombasa huihitaji. HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe ya kampuni ya Ilford, ni ISO 400, yaani inashika mwanga haraka, saa nne asubuhi jua wazi unaweka kasi ya 1/500 ya sekunde na tundu la lenzi f/16 unamaliza kazi. Kivulini kwenye vichochoro vya Mji wa Kale nafungua tundu mpaka f/4 ama f/5.6 hivi (namba ikipungua tundu linapanuka), na mara nyingi inakubali.

Unatazama kutoka juu, umeinamisha kichwa, na picha kwenye kioo imegeuka, kulia iko kushoto. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimfuata mtu anayepita nazungusha kamera upande mwengine kabisa. Ukishazoea unaona faida yake, watu hawaogopi, hujamuelekezea mtu kitu usoni kama bunduki, unaonekana kama uliyeinama kusoma. Bado nauliza kwanza lakini. Mji wa Kale si pahala pa kumpiga mtu picha hivi hivi tu, hasa kina mama, na mimi ni mtoto wa huko huko, habari ingefika nyumbani kabla yangu.

Mwanzo nilikuwa natuma roli Nairobi kwa basi. Jamaa mmoja akiniosha, sitamtaja, mara ya tatu filamu ilirudi na mkwaruzo mmoja mrefu kuanzia picha ya kwanza hadi ya kumi na mbili, mstari umenyooka kama reli. Nikampigia akaniambia kamera yako hiyo ina mchanga. Nikaifungua nikaipangusa, nikatia roli nyengine nikampelekea mwengine aioshe, safi, hamna mstari. Hapo nikaona bora nijiharibie mwenyewe.

Haya, tanki. Nalipenda na sikulipenda. Ni dogo, halivuji sana ukibonyeza kifuniko vizuri mpaka hewa itoke, rili moja inatanuka inakubali 35mm (ile filamu ndogo ya kawaida) na 120 zote. 35mm inakunywa ml 290, 120 inataka ml 500, imeandikwa chini ya tanki kwa hivyo huna pa kukosea. Tabu ni kule kuingiza filamu tu, na dawa yake nimeipata: begi weka kando. Nangoja usiku baada ya isha, naingia stoo, naziba chini ya mlango kwa kanga ya mama, nakaa dakika kumi ndani gizani nikiona hata nyuzi ya mwanga natoka naziba tena. Rili naianika juani mchana kutwa. Mikono nairushia poda kidogo halafu naipangusa, poda ikibaki ni balaa jengine. Filamu ya 120 imezungushiwa karatasi na imebandikwa selotepu upande mmoja, ule upande wa selotepu usianze nao, anza na ule ulio huru, na ukiibandua selotepu ibandue pole pole. Siku moja niliivuta kwa haraka nikaona cheche ya samawati gizani, nikadhani nimeunguza kitu! Kumbe ni gundi tu, ndio kawaida yake, ila moyo ulinipasuka.

Sasa joto, na hapa ndipo roli zangu nyingi zilipokufa. Dawa za nyeusi na nyeupe muda wake unaandikwa kwa nyuzi 20. Maji ya tangi letu la juu ya dari mwezi wa Februari nimeyapima 31. Natumia ID-11, developa ya Ilford, yaani dawa ya kutoa picha kwenye filamu, kwa sababu ni unga, dada yangu alinibebea kutoka Uingereza ndani ya sanduku, unga haumwagikii nguo. HP5 kwenye ID-11 isiyozimuliwa ni dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Ukifuata joto letu inakuwa hata dakika tatu hazifiki, na hizo ni chache mno, ukichelewa kumwaga sekunde ishirini ushaharibu, na mbingu inatoka na mawimbi. Kwa hivyo izimue nusu kwa nusu na maji, inakuwa dakika 13 kwa nyuzi 20. Hapo una nafasi ya kupumua. Mimi siendi mpaka 20, nitamaliza barafu ya mtaa mzima, naenda 23. Ilford wenyewe wanasema kitu cha dakika 4 kwa nyuzi 20 kinakuwa dakika 3 kwa nyuzi 23, yaani unatoa robo. 13 ukitoa robo ni dakika tisa na sekunde arobaini na tano, nimeiandika ukutani kwa kalamu ya risasi.

Barafu naipata kwa mama jirani anayeuza barafu za ukwaju kwa watoto. Nampelekea chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji ananigandishia. Mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, kuna mgonjwa?" Nikamwambia la, mama, ni ya kuoshea picha. Akanitazama, akasema, "Picha zinaoshwa na barafu?" Mpaka leo nadhani hakuniamini, ila chupa zangu anazo kwenye friza kila Ijumaa.

Chupa za barafu natia kwenye karai la maji, na ndani ya karai hilo hilo nasimamisha developa, siki, fiksa (dawa inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga), na maji ya kusuuzia, zote zifike 23 pamoja. Hii ya zote nisikizeni, maana developa watu huipima halafu suuzo wanatoa moja kwa moja bomba la 31, jelatini ya filamu, ule utando unaobeba picha, haipendi kurushwa rushwa hivyo. Mara nne napindua tanki sekunde kumi za mwanzo, halafu hivyo hivyo kila dakika ikianza. Siki nyeupe ya dukani nimeizimua, inazuia developa vizuri tu. Fiksa 1+4, yaani sehemu moja ya dawa kwa nne za maji, naiacha dakika tano.

Maji ya kuchanganyia dawa usitumie ya kisima. Kwetu kisima kina chumvi hata chai haiiviki utamu wake, na ya bomba yanakuja yakitaka. Mimi natumia ya chupa, na hapa ndio nilifurahi kujua kwamba huhitaji bomba kukimbia nusu saa: jaza tanki, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua 10, mwaga, jaza, pindua 20, mwaga, umemaliza. Lita moja na nusu. Mtungi wa lita 20 wa mkokoteni ungenitosha mwezi, karai natia ya kisima.

Kukausha naning'iniza bafuni na kibanio cha nguo chini kwa uzito. Roli ya tisa mbu alitua juu ya jelatini mbichi akabaki hapo hapo. Yuko kwenye picha ya Ngome ya Yesu, juu ya ukuta, mabawa yote mawili.

Na matokeo? Kuna picha ya mzee wa kahawa, nilimuomba akakubali akakaa, dele lake mbele juu ya makaa. Negativu, yaani filamu yenyewe iliyooshwa, nyeupe imekuwa nyeusi, ni sentimita sita kwa sita hivi, nikaiweka juu ya tableti yenye mwanga mweupe nikaipiga kwa simu, nikaivuta karibu. Kwenye shaba unaona alama za kila mara alipolisugua kwa mchanga na ndimu, na mkunjo wa kofia umbali huo huo unaona uzi. Nilimpelekea moja ya karatasi. Ameichomeka kwenye boksi la vikombe, na ami alipoiona alisema neno moja tu, "Umepungukiwa nusu stopu," yaani mwanga niliouingiza kwenye kamera ulikuwa mdogo. Kweli, uso umeingia giza kidogo.

Gharama: roli inanitoka zaidi ya 1,500 kufika hapa, gawa kwa 12, kila klik ni shilingi mia na ushee. Lita ya ID-11 inaosha roli nne kwa ule uzimuaji wangu, kila ml 500 natumia mara moja namwaga. Si bei ya kuchezea, sikudanganyi.

Tanki ningenunua tena. HP5 ningenunua tena, inasamehe makosa mengi. Begi la giza liko Majengo, limetumika mara tatu, lastiki bado nzima, mwenye chumba chenye AC aje alichukue kwa bei ya maelewano.