Propeller ya Guided by Voices: nimeisikiliza hapa Kisumu, haya ndiyo maoni yangu

Mwaka 1992 Guided by Voices, bendi ya roki ya Marekani, walitoa albamu ya Propeller wenyewe, nakala 500 tu, na kila jalada likatengenezwa kwa mkono. Wanabendi, jamaa na marafiki walichora, wakapaka rangi, wakabandika picha, hata hakuna majalada mawili yanayofanana. Santuri hizo siku hizi huuzwa zaidi ya dola elfu moja, kwa hiyo tuziache. Yangu ni CD aliyoniletea binamu kutoka Marekani, ile iliyounganisha Propeller na albamu yao nyingine, Vampire on Titus. Jalada lake limechapwa kwa mashine kama CD yoyote. Binti yangu amenichorea jingine, kaweka ngege.

Anzeni na Propeller, ingawa kwenye CD inakuja nyuma. Vampire on Titus ilirekodiwa nyumbani, na mvumo ni mwingi hadi sauti ya Robert Pollard, mwimbaji na kiongozi wao, inazama humo. Nilivumilia nusu, nikairuka. Propeller nayo sehemu ni ya studio na sehemu ni ya nyumbani, lakini hapa ukwaruzo una kazi yake.

Inafunguka kwa umati unaoita “GBV! GBV!”, ungedhani Gor Mahia wameingia uwanjani. Hakuna umati wowote, ni wao wenyewe wakijishangilia. Wakati huo nje ya Dayton, Ohio, karibu hakuna aliyewajua. Pollard alikuwa mwalimu wa darasa la nne, gharama za kurekodi zilikuwa zimemlemea, na hii aliikusudia iwe albamu ya mwisho. Mtu anafunga duka na bado anajipigia makofi! Nilicheka, kisha nikairudisha mwanzo.

Kilichonisumbua ni urefu. Nimelelewa na santuri za benga za mzee, zile ndogo za 45: upande wa kwanza hadithi na sifa za watu, halafu unageuza, na huko nyuma ndiko gitaa linakofunguka. Pollard hana upande wa pili. Wimbo ukianza kukolea, anaukata. 14 Cheerleader Coldfront, mzuri ajabu, haufiki hata dakika mbili. Mke wangu alidhani CD imekwaruzika.

Beis ni nyembamba. Ukiiweka kwenye matatu ya Kondele, sabufa zitatafuta kazi zikose. Sikilizeni kwa hedifoni au redio ya kawaida, kwa sababu mzigo wote umebebwa na gitaa na sauti, na mwenye sikio la benga hapo yuko nyumbani. Weed King na Exit Flagger zinatosha kumwonjesha mtu asiyependa roki.

Propeller naipa nne kwa tano. Vampire on Titus naipa moja na nusu, na hiyo nusu ni heshima kwa binamu aliyeibeba hadi hapa.