Kabla ya kununua kruza kuukuu, inua siti

Kruza, yaani pikipiki yenye siti ya chini na usukani mpana, niliyoinunua hapa Minnesota mwezi wa Oktoba kwa dola 1,900 ilimeremeta kromu tangu ekzosi hadi taa ya mbele, na kwa siku kumi na moja ilinitii. Siku ya kumi na mbili ilizimika katikati ya njia panda. Nilipoinua siti nilikuta fundo la nyaya lililovishwa tepu, na ndani yake vile vikofia vya plastiki ambavyo mafundi wa nyumba huungia nyaya darini. Mmiliki wa awali alikuwa amefupisha madigadi ya nyuma na kuhamisha indiketa, na kila alipokwama alikata waya.

Kwa hiyo sitazungumzia maili zilizotembewa wala rangi ya tangi. Injini za Kijapani zenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V huvumilia mengi. Kinachomtesa mnunuzi wa kruza iliyorembwa ni umeme uliochezewa. Katika nyumba za Marekani waya mweusi ndio wenye moto, lakini kwenye Yamaha waya mweusi mtupu ndio hasi. Suzuki hutumia mweusi wenye mstari mweupe, Kawasaki mweusi wenye mstari wa njano, na Honda kijani, ambayo hata nyumbani ni rangi ya waya wa ardhini. Mtu aliyezoea soketi za sebuleni anaweza kuiunguza Yamaha akiamini kwamba yuko sahihi.

Nenda na kipima umeme. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban volti 12.6, ukiongeza mwendo wa injini isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, kidhibiti cha chaji kimekufa na betri inachemshwa. Indiketa zinazopepesa haraka kupita kiasi ni dalili kwamba taa za LED zimefungwa bila kubadilisha rilei, kifaa kinachozipepesa. Kama usukani umerefushwa, uzungushe kulia na kushoto hadi mwisho huku injini ikinguruma, kwa sababu maungio mabaya hufichwa ndani ya bomba lake, na taa zikififia hata kidogo, ondoka.

Kati ya kruza kuukuu za kununua, ya kwanza kwangu ni Honda Shadow Aero 750 ya kuanzia mwaka 2004, na ninakiri kwamba nina upendeleo. Gurudumu lake la nyuma linazungushwa na shafti, yaani mhimili wa chuma, kwa hiyo hakuna cheni ya kupaka mafuta. Injini inapozwa kwa maji, na matoleo ya mwanzo yana kabureta moja tu ya kusafisha baada ya pikipiki kulala majira yote ya baridi. Tafuta ambayo haijaguswa, kisha uirembe mwenyewe kwa siti na ekzosi, ukiziacha nyaya kama zilivyotoka kiwandani.

Ya pili ni Yamaha V Star 650, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, nayo ya shafti, ila ina makabureta mawili yanayohitaji kulinganishwa. Warembaji huipenda mno, na hilo ndilo linalonitia shaka kila niionapo iliyokatwa mkia.

Harley Sportster 883 naiweka ya tatu. Tangu mwaka 2004 injini yake imefungwa juu ya mipira inayopunguza mtetemo, na mkanda unaozungusha gurudumu lake la nyuma ni kimya, lakini wauzaji wake wananichosha: kila mmoja huja na bahasha ya risiti za vipuri vya urembo na kutaka nimrudishie fedha zote, kana kwamba ni mimi niliyemtuma kununua vioo vyenye umbo la fuvu.

Suzuki Savage 650 na Yamaha Virago 250 ni rahisi, nazo zinafaa mjini.

Na muuzaji akikwambia kwamba inahitaji betri tu, muulize kwa nini hakuinunua. Niliyemuuliza mimi alisema duka lilikuwa limefungwa, nami nikamwamini, na betri mpya niliyoifunga ilikufa baada ya juma moja.