Uzoefu wangu: Deutschlandticket na wikiendi za mwaka mmoja wa masomo Trier

Kama unakuja Ujerumani kusoma mwaka mmoja na unapanga kutembea wikiendi, usianze na kuwinda ndege za bei poa za kwenda Roma au Barcelona. Anza na Deutschlandticket. Nilisoma Trier, mji mdogo ulio magharibi kabisa mwa nchi, jirani na Luxembourg, na tiketi hiyo ndiyo iliyonitembeza karibu kila Jumamosi ambayo sikuwa na mtihani wa kujiandalia.

Ni tiketi ya mwezi. Ukishailipia unapanda treni za mikoani, zile zenye herufi RE, RB au S, pamoja na mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi karibu nchi nzima. Treni za masafa marefu, ICE na IC, hazimo. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58, na Januari 2026 ikafika 63. Kwa anayeishi kwa posho ya ufadhili, kupanda huko kunauma. Kabla hujanunua uliza chuoni kwako, maana vyuo vingi vina ya wanafunzi kwa bei nafuu, usije ukalipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Mgeni yeyote akiniuliza aanzie wapi, namwambia Luxembourg. Tiketi inakufikisha mpakani, na kuanzia hapo hudaiwi hata senti: tangu 29 Februari 2020 usafiri wa umma nchini humo ni bure kwa wote, wenyeji kwa wageni, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Chini ya saa moja toka Trier umefika nchi nyingine. Mji wa Luxembourg umekaa juu ya magenge, na kuna lifti ya vioo ya Pfaffenthal inayokushusha toka mjini hadi bondeni, nayo bure. Niliipanda na kushuka mpaka nikatosheka.

Kisha kuna Schengen yenyewe. Ndiyo, jina hilo la kwenye viza ni la kijiji. Unapanda treni ya Trier kwenda Perl, unashuka Perl, unavuka daraja la mto Moselle kwa miguu, umefika. Ng'ambo kuna mashamba ya mizabibu, vituo vya mafuta ambako Wajerumani huja kujaza matangi kwa bei ya Luxembourg, na kando ya mto kumbukumbu ya mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Ulisainiwa tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli Princesse Marie-Astrid, na nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Nikakumbuka nilivyoomba viza: taarifa za benki, barua za chuo, picha za pasipoti zilizokataliwa kwa sababu ya kivuli shavuni. Mtoto wa pale anavuka daraja lile kwa baiskeli kwenda kununua aiskrimu. Nilifurahi kufika, na pia iliniuma, kwa sababu najua wenzangu wengi wenye sifa kunizidi waliorudishiwa pasipoti bila viza.

Safari niliyoipenda kuliko zote, lakini, ni Koblenz. Saa moja na nusu hivi kwa treni ya RE kufuata Moselle. Karibu na Eller treni inaingia handaki la zaidi ya kilomita nne, masikio yanaziba kidogo, halafu ghafla mwanga, na ngome ya Cochem iko juu ya kilima. Toka hapo kaa dirisha la kulia, mto uko upande huo.

Koblenz ndipo Moselle unapoingia Rhine, na penye makutano pana sanamu kubwa ya Kaizari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi. Iliwekwa 1897, ikaharibiwa vitani 1945, ikarudishwa 1993. Kwenye msingi wake yamechongwa maneno kwamba dola haitaangamia kamwe mkiwa wamoja na waaminifu. Watu wanapiga picha, wanakwenda zao. Mimi nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Kaizari huyu ndiye aliyetoa hati ya ulinzi Februari 1885 iliyowapa mkoloni Carl Peters na wenzake mamlaka juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, sehemu za Tanzania ya leo, kwa mikataba iliyoandikwa Kijerumani na kuwekewa alama na watawala wasioweza kuisoma. Shuleni tulikariri jina la Peters ili tujibu mtihani. La Kaizari halikunikaa kichwani. Natamani kila Mtanzania anayesoma Ujerumani asimame pale walau mara moja.

Kuhusu karatasi: kibali cha ukaazi cha Ujerumani pamoja na pasipoti vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo, zinataka viza yao. Beba pasipoti halisi, picha ya kwenye simu haitoshi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na nilipokuwa narudi toka Luxembourg polisi waliingia behewani na kuomba nyaraka.

Kasoro zipo. Wikiendi ndizo siku za ukarabati wa reli, na mara nyingi unashushwa njiani upande basi la mbadala. Angalia programu ya safari asubuhi ileile. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani yamefungwa, hivyo nilikuwa nabeba chapati na mayai ya kuchemsha. Na usiende mbali mno kwa tiketi hii: Trier hadi Berlin kwa treni za mikoani ni kuimaliza siku nzima kitini. Paris nilinunua tiketi yake mapema, treni ya kasi toka Luxembourg, saa mbili na kidogo.

Tiketi hii hujirefusha yenyewe kila mwezi. Ukikaribia kurudi nyumbani, ifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi wako wa mwisho, na usifunge akaunti ya benki mpaka upate barua pepe ya kuthibitisha.